Siagi ya Bihogo

Safari yangu ya mwisho ya kuteremka Walikale, jioni ilinikuta bado kwenye matope, chungu cha siagi kichwani, magoti yameshagoma. Mtu wa ng'ombe hakuumbiwa msitu. Kwetu juu, Kibabi, ukisimama mlangoni unaona kilima cha jirani, moshi wa jirani, na ndama wa jirani aliyeingia kwenye maharage yako. Kule chini huoni kitu. Miti, maji, miti tena. Jua linazama bila hata kukuaga.

Nilikuwa nimechoka, sikatai. Watu wakisikia habari hii huniambia, Sebagabo, ulikuwa umechoka, uliota. Nimechoka maisha yangu yote na sijawahi kuota vile.

Ilikuwa miaka ya vita ya Wazungu. Kampuni moja ilichimba bati ng'ambo ya mto Lowa, na ilikuwa na reli yake fupi na nyembamba, toka mgodini hadi mahali malori yalipoishia. Juu ya reli hiyo kulikuwa na mashine moja tu ya moshi. Msifikirie treni ndefu za mjini. Hii ilikuwa fupi na nene. Tangi lake la maji na moto lilisimama wima, pipa kubwa lenye bomba la moshi kichwani, na ubavuni silinda mbili ambamo mvuke ulipandisha na kushusha vyuma. Magurudumu manne madogo. Kimlango cha moto chini, kikila kuni kutwa nzima. Wazungu wenyewe walisema aina hiyo iliachwa tangu enzi za babu zao. Ililetwa vipande vipande migongoni mwa watu, kwa kuwa hakuna nyingine ambayo ingepita njia zile.

Ilikuwa na rangi ya kutu iliyokolea. Shemeji yangu Hakorimana, mume wa dada yangu, ndiye aliyekuwa akiipasha moto. Akaiita Bihogo, jina la ng'ombe wake mwekundu aliyempenda kuliko wote nyumbani. Watu wa msituni walimcheka. Halafu wakazoea, na mwisho hata Wazungu wakawa wanaita Bihogo.

Juu ya kila silinda palikuwa na kikombe cha shaba. Unafunga kibomba cha chini yake, unamimina mafuta, unafungua, mvuke unayavuta ndani ili vyuma visikwaruzane. Vita ilipozuia mafuta ya mashine kufika, walijaribu mawese. Yaliganda, yakanuka, Bihogo akaanza kulia vyuma. Ndipo fundi wa Kizungu akakumbuka kwamba mashine za umri ule, zilipokuwa changa, zilinyweshwa mafuta ya ng'ombe. Amri ikapanda mlimani. Kila boma la Masisi litoe siagi.

Kila boma. Hata lenye kilio.

Maana Hakorimana alikuwa ameshakufa. Bomba moja ndani ya tangi lilipasuka na kutoboa ubavu wake, mvuke ukampiga kifuani, wakamzika palepale kando ya reli. Makuza, dereva wa mashine na rafiki yake, alipanda mlima kutuletea kofia yake na habari. Dada yangu Mukantabana alipokea kofia, akaiweka kwenye kitanda, akakaa chini.

Sisi ni Wakristo, tulisali. Lakini ng'ombe nao wana desturi zao. Mwenye boma akifa, dume hutengwa na majike. Hukaa peke yake mpaka siku ya kuanua matanga, ndipo mkubwa wa ukoo anamrudisha kundini, na mjane ananawa na kunywa maziwa. Siku ile ndiyo marehemu anajua kwamba ameondoka. Kabla ya hapo bado ni bwana wa nyumba, na siagi ya nyumba yake haitoki nje ya boma, kwa sababu bado ni yake.

Mkubwa wa ukoo wa Hakorimana alikuwa mzee Nzabandora, na mzee Nzabandora alikuwa kitandani na miguu iliyovimba. Tukasubiri apone. Dume likasubiri, likipiga mayowe peke yake nyuma ya ua. Amri haikusubiri.

"Tutafanya aje, kaka?" dada aliniuliza. "Nikatale, chifu anifunge mu boloko?"

"Toa tu," nikamwambia. "Mashini haijue kilio."

Akatoa. Chungu baada ya chungu. Mengi ya yale mafuta yalitoka kwa Bihogo ng'ombe, yakaenda kwa Bihogo chuma. Tulilichekea jambo hilo, mimi na yeye. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba.

Safari hii nilibeba kitu kingine pamoja na chungu. Makuza alikuwa ametuma maneno. Alimtaka Mukantabana. Si kwa papara, kwa heshima, na alikuwa tayari kuacha kazi ya chuma aje kuishi juu na sisi. Dada alifikiri muda mrefu huku akitikisa kibuyu cha maziwa. Alikuwa amekonda hadi shingo inahesabika mishipa. Kisha akasema: "Umuambie njo, nakubali. Lakini kwanza tumalize kilio. Sipendi bwana wawili mu nyumba moja."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayapeleka. Nilimpenda dada yangu kuliko mtu yeyote, na nilitaka acheke tena.

Nilifika kwenye banda la mashine mvua ikianza. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa Jumapili, siku ya kuosha tangi. Moto ulikuwa umetolewa, maji yamemwagwa. Bihogo alisimama gizagiza kwenye reli yake, mlango wa moto wazi, jivu limekwanguliwa. Nilimgusa ubavu. Baridi. Nikatua chungu, nikakaa juu ya rundo la kuni, nikavua shati nikalikamua. Makuza alikaa kambini ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kinajaa. Nikasema nitangoja mvua ipungue.

Nadhani nilifumba macho. Kidogo tu.

Nilichosikia kwanza ni mluzi. Si wa mashine... wa mdomo. Ule mluzi wa chini, wa taratibu, anaopiga mchungaji ili jike atulie wakati wa kukamuliwa.

Halafu maziwa.

Shhh... shhh... shhh...

Ukikulia kwenye boma huwezi kukosea sauti ile. Maziwa yakipiga ukuta wa chombo cha mti. Na harufu yake ikaja: moshi wa majani tunayofukizia vyombo, na siagi iliyoungua. Katika msitu ule ambao hakuna ng'ombe hata wa dawa.

Nikafungua macho. Palikuwa na mtu upande wa pili wa mashine, amechuchumaa karibu na silinda. Niliona mgongo wake na mkono mmoja ukipanda na kushuka.

"Unatoka wapi?" aliuliza bila kugeuka. Sauti ilikuwa ndogo, imechakaa.

"Kibabi."

"Uko na nini mu chungu?"

"Mafuta ya ng'ombe."

"Ya kwa nani?"

"Ya kwa Mukantabana."

Mkono wake ukasimama. Shhh ikakoma. Mvua tu juu ya bati.

"Ile ng'ombe Gaju alisha zaa?"

"Alisha zaa."

"Mutoto iko muke ao dume?"

"Muke."

"Ni vizuri," akasema, na nilisikia kwamba alifurahi kweli. Akauliza habari za ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika. Akauliza habari za yule jike mzee asiye na meno. Akawataja wote, mmoja mmoja, kwa majina yao, na mimi nikawa najibu kama mtoto mbele ya padri. Mikono niliiweka chini ya mapaja.

Joto lilikuwa linatoka kwenye mashine. Nilikuwa nalihisi usoni, na mlango wa moto ulikuwa wazi, na ndani hamkuwa na hata kaa moja.

"Shemeji," akasema.

Nilijua. Nilijua tangu mluzi. Lakini kuitwa vile kulinimwagia maji ya baridi mgongoni.

"Shemeji, mi nachoka. Kila siku naenda, narudi. Naenda, narudi. Reli haifike kwetu." Akavuta pumzi, na pumzi yake ilitoka na mlio wa mvuke. "Uniambie kitu kimoja tu. Dume... mulisha irudisha?"

Sasa nisikilizeni. Dume lilikuwa bado nyuma ya ua, peke yake. Ningesema hapana, basi alikuwa bado bwana wa nyumba, na bwana wa nyumba ana haki ya kwenda kwake. Nikamwona Mukantabana na shingo yake ile. Nikamwona akifungua mlango jioni.

"Tulisha irudisha," nikasema.

"Mukubwa wa ukoo njo aliirudisha?"

"Njo yeye."

"Na muke wangu alikunywa maziwa?"

"Alikunywa."

Kisha akasema polepole, "Basi nilisha kwenda." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetembea kutwa akakuta mlango umefungwa. "Kama nilisha kwenda, nitabaki hapa. Ningeenda wapi tena?"

Mlango wa moto ukajifunga.

Taratibu. Kwa heshima. Kama mtu anayeogopa kuwaamsha waliolala.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nimeng'ang'ania mti kando ya kijito hadi kulipokucha, mvua ikinipiga.

Makuza ndiye aliyenikuta. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kovu la mvuke shavuni. Alinishika mkono tukaingia bandani. Chungu changu kilikuwa kitupu, kimepanguswa. Vikombe vya shaba juu ya silinda vilijaa siagi hadi midomoni, imeyeyuka. Makuza akaweka kiganja ubavuni mwa Bihogo, akakitoa haraka.

"Alikuuliza?" akanong'ona.

"Aliniuliza."

"Ya dume?"

"Ya dume."

"Mi ananiulizaka kila Jumapili. Nasemaka sijuwe, mi niko mutu wa mashini." Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. "Ulijibu nini?"

Nikamwambia. Akainamisha kichwa, akalia bila sauti, mtu mzima yule, machozi yakipita kwenye kovu. Sikujua kama analia kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya rafiki yake. Halafu tukakubaliana kwamba Mukantabana asijue neno. Alikuwa ameteseka vya kutosha. Kwa nini tumwongezee hofu ya kulala nayo?

Nilirudi juu mbio. Tulimnyanyua mzee Nzabandora kwa machela, akashika kamba ya dume, akalirudisha kundini. Dada akanawa, akanywa maziwa. Makuza akaja msimu uliofuata na sanduku lake moja. Kitu kimoja tu kilimshinda katika nyumba ile: kamba ya lango la boma. Hakorimana alikuwa na fundo lake, la kupitisha mara mbili na kuficha ncha ndani, ambalo hakuna mwizi wala jirani aliyewahi kulifungua gizani. Mukantabana pekee ndiye aliyelijua kidogo. Makuza alijaribu, akatukana, akaishia kufunga lango kwa waya.

Waliishi vizuri. Dada alinenepa, na wakati mwingine alicheka hadi nikamsikia kutoka kwangu. Miaka ikapita, vita ikaisha, Wazungu wakaleta malori makubwa. Tukasikia reli ya Walikale imeng'olewa. Nilishusha pumzi. Niliombea roho ya Hakorimana kwenye misa, kwa dhati.

Halafu, katika miaka ile ya hamsini, mkoloni mmoja akafungua nyumba ya maziwa upande wa Lushebere. Alinunua maziwa ya milima yote, akayapasha, akatengeneza siagi na jibini. Vyombo vyake vilioshwa kwa mvuke. Nilikwenda siku ya kwanza na maziwa yangu, nikaona chombo kilichokuwa kinatoa ule mvuke, kimejengewa msingi wa matofali nyuma ya nyumba.

Pipa limesimama wima. Rangi ya kutu iliyokolea. Ubavuni kiraka cha chuma cha duara, kimezungushiwa misumari, pale palipotoboka siku aliyokufa Hakorimana.

Walikuwa wametoa magurudumu. Walikuwa wametoa silinda. Lakini mlango wa moto ulikuwa uleule.

"Chuma ni chuma," Makuza aliniambia nilipomweleza. Lakini alikaa chini ghafla. Tukakubaliana tena, wazee wawili wenye siri: maziwa ya boma lao nitayapeleka mimi pamoja na yangu. Mukantabana asikanyage kule. Nilifanya hivyo. Niliweka ndoo zangu, nikaangalia ardhi, nikaondoka. Kila mara joto lile lilinifuata mgongoni hadi njiani, na kila mara sikugeuka.

Mwaka huu mvua za Machi zilinilaza. Homa, kifua, siwezi kusimama. Na mgongo wa Makuza ni mgongo wa mtu aliyepakia kuni ujana wote. Maziwa hayangoji mtu. Mukantabana hakutuaga, kwani alijua tungekataa bila kumwambia sababu. Alijitwika ndoo akaenda.

Alirudi jioni akanipitia kitandani. Alikuwa na uso wa mtu aliyepokewa vizuri mahali.

"Kaka, kule ku maziwa kuko papa mumoja, muzee wa kupasha moto. Iko mupole! Alikaa nyuma ya ile pipa, sikumuona muzuri, mvuke ilikuwa mingi. Lakini alijua ng'ombe yetu yote. Aliniuliza ya Gaju. Nikamuambia Gaju alisha kufa, kuko batoto ya batoto yake."

Nilijaribu kukaa. Kifua kikakataa.

"Aliuliza nini tena?"

"Vitu vya zamani. Ati wakati bwana yangu wa kwanza alikufa, dume ilirudi siku gani."

"Dada... ulimujibu nini?"

Alinishangaa. Kwa nini asingejibu? Hakuna aliyemwambia asijibu.

"Nilimuambia vile ilikuwa. Ati weye ulienda Walikale na chungu cha mwisho, dume iko ingali nyuma ya ua. Uliporudi, njo mzee aliirudisha." Akanifunika blanketi vizuri. "Alicheka kidogo. Alisema: basi siku ile nilikuwa ningali bwana wa nyumba. Sikuelewa. Akasema nikusalimie, shemeji yake. Unamujua?"

Nilimshika mkono tu. Ulikuwa na harufu ya siagi iliyoungua.

Usiku ule sikusikia kelele. Hakuna mbwa aliyebweka. Asubuhi Makuza alikuwa amekaa mlangoni kwangu, na sanduku lake lilelile moja. Hakuwa na jeraha. Alisema hakufukuzwa na mtu. Alisema alipoamka alijikuta amelala nje ya ua, amefunikwa blanketi vizuri, na lango limefungwa kutoka ndani.

"Waya?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Kamba."

Nilijikokota hadi kule kwa fimbo, homa na yote. Ua ulikuwa kimya. Kamba ya lango ilikuwa imepitishwa mara mbili, ncha yake imefichwa ndani. Nyuma ya ua, kwa mbali, mluzi wa chini, wa taratibu. Na maziwa. Shhh... shhh...

Nikamwita dada yangu. Nikaita tena, kwa nguvu niliyobaki nayo. Akatokea kwenye ufa wa ua, jicho moja tu na kidole juu ya midomo. Ile shingo. Ilikuwa imerudi kuwa ile ya wakati wa kilio.

"Polepole, kaka," akaninong'oneza. "Alichoka sana. Alitembea mbali."